Kipimo cha siliaki: usiache chapati kabla hujatoa damu

Siliaki ni ugonjwa ambao kula ngano huifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo wake mwenyewe. Kosa linaloharibu kipimo chake kuliko makosa yote ya maabara hufanyika jikoni, wiki kadhaa kabla sindano haijagusa mkono. Mtu ameumwa tumbo miezi mingi, linajaa gesi, anaharisha, kilo zinapungua. Anasoma mahali kwamba ngano ndiyo adui, anaacha chapati, mandazi, mkate na tambi, na kweli anapata nafuu. Miezi minne baada ya kuacha anakwenda kupima ili awe na uhakika. Jibu linarudi hasi, anaambiwa hana siliaki. Lakini kile kinachopimwa alikuwa ameshakifukuza mwilini mwenyewe.

Kipimo hiki hakitafuti ngano katika damu. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza pale tu unapoendelea kulishwa gluteni, ile protini inayofanya donge la unga wa ngano livutike kama mpira. Gluteni imo katika ngano, shayiri na rai. Tumbo haliisagi yote; vipande vyake virefu hufika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na huko hukutana na kimeng'enya cha mwili kinachoitwa transglutaminesi ya tishu, ambacho maabara hukiandika tTG. Kimeng'enya hicho hubadilisha kidogo kemia ya vipande hivyo, navyo vikishabadilika hushika barabara kwenye molekuli za kinga za aina ya HLA-DQ2 au HLA-DQ8, kwa wale waliozirithi. Hapo seli za kinga huamka. Hutengeneza kingamwili dhidi ya vipande vya gluteni na pia, cha kushangaza, dhidi ya tTG yenyewe, kimeng'enya cha mwenye mwili. Vijidole vidogo vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula hufupika, na ugonjwa ukikomaa ukuta wa utumbo huwa bapa.

Ukiondoa gluteni, kiwanda kinapoa. Kingamwili hazitoweki kwa siku moja, huchukua miezi kushuka. Lakini mtu aliyeanza na kiwango kisicho kikubwa anaweza kuingia ndani ya kawaida mapema, na hakuna maabara itakayoweza kumtofautisha na asiye na ugonjwa.

Kwamba ngano ndiyo chanzo alilionyesha Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, aliyeandika tasnifu yake juu ya jambo hilo mwaka 1950. Kwamba tTG ndiyo inayoshambuliwa kuligunduliwa Berlin na kundi la Detlef Schuppan mwaka 1997. Tarehe hii ya pili ina maana kwa mgonjwa wa leo, kwa sababu bado zipo orodha za vipimo zinazouza kipimo cha kale cha kingamwili dhidi ya gliadini, sehemu mojawapo ya gluteni, kinachoandikwa AGA. Hicho huwa chanya kwa watu wengi wasioumwa chochote. Ukikiona peke yake kwenye fomu, usikilipie.

Kinachoandikwa kwenye fomu

Mtu mzima au mtoto, mwanzo ni vipimo viwili pamoja: tTG-IgA na IgA jumla. Hicho cha pili watu hukikata ili kupunguza gharama, nami naona ni kubana senti kwa kupoteza shilingi. IgA ni familia mojawapo ya kingamwili, na kipimo cha tTG-IgA huhesabu zile za familia hiyo tu. Wapo watu wanaozaliwa bila kutengeneza IgA ya kutosha. Ulaya, katika watu wa kawaida ni kama mmoja kati ya 500, lakini miongoni mwa wenye siliaki hufika wawili au watatu katika kila 100. Kwa watu hao tTG-IgA itakuwa hasi hata kama utumbo umeharibika kabisa.

IgA jumla ikiwa chini ya 0.2 g/L kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 3, acha tTG-IgA, omba vipimo vya familia ya IgG: tTG-IgG au DGP-IgG, kile kinachotafuta kingamwili dhidi ya vipande vya gliadini vilivyobadilishwa. Angalia vizio vya kipimo: maabara nyingine huandika mg/dL, na 0.2 g/L ni sawa na 20 mg/dL. Nimetaja hilo kwa sababu ukisoma 20 ukadhani ni gramu kwa lita utamwona mtu ana IgA tele wakati hana. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, IgA huwa ndogo kwa umbile, basi linganisha na kiwango cha umri wake.

Kinyume chake, mtu mwenye IgA ya kutosha hana haja ya kuanza na rundo la IgG. DGP-IgG ikija chanya peke yake huku tTG-IgA ni hasi na IgA jumla ni nzuri, mara nyingi ni kengele ya uongo.

EMA, kinachotafuta kingamwili dhidi ya nyuzi laini za tishu, ni kipimo cha kuthibitisha. Seramu ya mgonjwa huwekwa juu ya kipande chembamba cha umio wa nyani au cha kitovu cha mtoto mchanga, kisha huongezwa rangi inayong'aa, na mtaalamu hutazama kwa darubini kama nyuzi za tishu zinawaka kijani. Ni kipimo kinachoaminika sana kikiwa chanya, lakini ni ghali, kinachukua muda, na kinategemea jicho. Wasomaji wawili wanaweza kutofautiana kwenye sampuli hafifu.

Na zile paneli za "kutovumilia chakula" zenye vyakula mia na ushei, zinazopima IgG dhidi ya mayai, maziwa, mahindi na ngano? Hazipimi siliaki. IgG dhidi ya chakula huonyesha kwamba umekila. Kipimo cha IgE cha ngano nacho ni cha mzio, ugonjwa mwingine.

Ule kiasi gani cha ngano, kwa muda gani

Kwa ambaye hajaacha ngano, mwongozo wa Uingereza ni mwepesi kukumbuka: chakula chenye gluteni zaidi ya mlo mmoja kwa siku, kwa wiki zisizopungua 6 kabla ya kutoa damu.

Kwa jiko letu hesabu ni hivi. Gramu 100 za unga wa ngano zina protini kama gramu 10, na takriban robo tatu au zaidi ya protini hiyo ni gluteni. Chukua gramu 8. Chapati moja ya unga wa gramu 60 inakupa kama gramu 4 hadi 5. Slesi moja ya mkate ni kama gramu 2. Kwa hiyo chapati asubuhi na slesi mbili jioni, umefika na kupita.

Usihesabu visivyo na ngano. Ugali wa mahindi, wa mtama au wa muhogo, wali, vitumbua na mkate wa kumimina ni vya nafaka au mizizi isiyo na gluteni. Ulezi na uwele vivyo hivyo. Lakini boko boko ni ngano tupu, kaimati na mandazi ni ngano, manda za sambusa ni ngano. Bia hutengenezwa kwa shayiri, ila gluteni inayobaki ni ndogo mno kutegemea kwa kipimo. Mtu asijipe kisingizio.

Aliyekwisha kuacha, na anataka jibu la uhakika, hurudishiwa gluteni kwa makusudi: gramu 3 hadi 10 kwa siku kwa wiki 6 hadi 8. Gramu 3 ni kama chapati moja ndogo. Wiki 2 ndicho kiwango cha chini kabisa, kwa anayeumia sana, na hapo hasi bado haitoshi. Damu irudiwe baada ya wiki kadhaa. Jambo hili lifanywe na daktari akijua, hasa kwa mtoto anayekua, mjamzito, au mtu aliyewahi kuvimba midomo na kukosa pumzi baada ya kula ngano. Huyo wa mwisho anashukiwa mzio, na kumrudishia ngano nyumbani ni hatari.

Asiyeweza kabisa kurudia ngano anabakiwa na kipimo cha vinasaba vya HLA, ambacho hakijali umekula nini. Faida yake ni upande mmoja: akikosa DQ2 na DQ8, siliaki karibu imefutika. Akiwa navyo, hajajua kitu, kwa sababu watu wengi wazima wa afya wanavyo.

Dawa za kupunguza kinga, kama prednisoloni ya muda mrefu au azathioprini, nazo zinaweza kushusha kingamwili. Ziandikwe kwenye fomu. Usiziache ili upime.

Kutoka mshipani hadi namba

Huna haja ya kufunga, na saa yoyote inafaa. Mililita 3 hadi 5 zinatosha kwa mtu mzima, 2 kwa mtoto, kwenye kichupa cha kifuniko chekundu au cha njano chenye jeli. Cha njano kipinduliwe taratibu mara 5, bila kutikiswa. Kisha kisimame wima nusu saa damu igande. Chekundu kisicho na kitu ndani kipewe hata saa nzima. Wenye haraka hukizungusha kwenye mashine kabla damu haijaganda, seramu ikatoka na nyuzi nyuzi, na nyuzi hizo huziba sindano ya mashine ya kupimia au kuifanya ivute kiasi pungufu. Dakika 10 kwa kasi ya 1,000 hadi 1,300 g zinatosha. Hiyo g ni nguvu ya mzunguko, si idadi ya mizunguko kwa dakika, na mashine mbili zenye mikono ya urefu tofauti hazitoi g ileile kwa mizunguko sawa.

Katika joto la pwani, tenganisha seramu hapohapo. Usisafirishe damu nzima kwenye basi la usiku ukitumaini barafu. Damu ikigusana na barafu seli hupasuka, seramu inakuwa nyekundu, na maabara itaikataa. Kingamwili zenyewe si laini: seramu iliyotengwa hukaa siku kadhaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, na kwa muda mrefu zaidi huwekwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kinachoziharibu ni kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Kama unajua itapimwa mara mbili, igawe kwenye vichupa viwili tangu mwanzo.

Njia ya kawaida ya kupima ni ELISA, sahani ya plastiki yenye vishimo 96 ambavyo sakafu yake imepakwa tTG ya binadamu iliyotengenezwa maabara. Seramu huchanganywa na maji maalumu, mara nyingi sehemu 1 kwa 100, ikamiminwa kwenye vishimo na kuachwa kama nusu saa. Kingamwili zikiwapo zinang'ang'ania. Sahani inaoshwa. Inawekwa kingamwili ya pili inayokamata IgA ya binadamu, nayo imebeba kimeng'enya cha rangi. Inaoshwa tena. Inatiwa TMB, kemikali inayotoa rangi, inageuka bluu, asidi inasimamisha kazi na bluu inakuwa njano, kisha mashine inasoma ukali wa njano hiyo kwenye mawimbi ya nanomita 450. Ukali huo unalinganishwa na vishimo vyenye viwango vinavyojulikana.

Hapo kwenye kuosha ndipo penye balaa. Kishimo kikibaki na matone, rangi inapanda na mtu mzima wa afya anasomeka chanya hafifu. TMB ikiachwa kwenye mwanga inaanza kubadilika kabla ya kazi. Vitendanishi vikitolewa kwenye friji na kutumika vikiwa vya baridi, rangi inakuwa hafifu, hasa vishimo vya katikati ukilinganisha na vya pembezoni vinavyopata joto upesi. Vishimo vya udhibiti, hasi na chanya, vikitoka nje ya mipaka, sahani yote inarudiwa. Hakuna kurekebisha kwa macho. Na kama unajiuliza kwa nini jibu linachukua siku nyingi wakati kazi yenyewe ni saa mbili: sahani ni ghali, wanaoombewa kipimo hiki ni wachache, basi maabara husubiri sampuli zikusanyike, au huzipeleka kwenye maabara ya rufaa.

Vipo pia vipimo vya haraka vya tone la kidole vinavyotoa mstari. Mstari hautoi namba, na vingi haviangalii IgA jumla. Mstari ukitokea, nenda katoe damu ya mshipa. Usipotokea na dalili zipo, nenda vilevile.

Kusoma namba

Vizio vya tTG havina asili ya pamoja. Kampuni moja imeweka kikomo cha kawaida 10, nyingine 20, nyingine namba yake. Kwa hiyo 45 kwenye maabara ya kwanza ni mara 4.5 ya kikomo, na 45 kwenye ya pili ni mara 2.25. Kinacholinganishwa ni hiyo "mara ngapi". Jibu lisiloonyesha kikomo chake ni jibu lisilosomeka, lirudishe waandike. Na ufuatiliaji wa miaka ufanyike kwenye maabara moja, kwa vitendanishi vya kampuni ileile kama inawezekana.

Halafu kuna suala la nani amepimwa. Chukua kipimo kinachokamata wagonjwa 95 kati ya 100, na kinachowapa hasi watu 95 kati ya 100 wasioumwa. tTG-IgA iko karibu na hapo. Pima watu 1,000 ambao 10 kati yao wanaumwa. Utawakamata 9 au 10, lakini wale 990 watakupa chanya za uongo karibu 50. Katika kila chanya 6, moja ndiyo ya kweli. Sasa pima 1,000 ambao 100 wanaumwa, kiwango kilicho karibu na cha wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa: unakamata 95, za uongo ni 45. Kipimo ni kilekile, maana ya chanya imebadilika kabisa.

Ndiyo maana sipendi kipimo hiki kiuzwe kama nyongeza ya "uchunguzi wa afya nzima". Wenye sababu ya kupimwa ni hawa: anayeharisha au kukonda bila maelezo, mwenye upungufu wa damu wa madini ya chuma usiosikia vidonge, mtoto asiyekua, mwenye kisukari aina ya kwanza, mwenye ugonjwa wa kinga kushambulia tezi ya shingo, mwenye hali ya Down au Turner (kasoro za kromosomu za kuzaliwa), mwenye vipele vya maji vinavyowasha sana viwikoni na magotini, na ndugu wa damu wa mgonjwa. Asidhani mtu kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu: kiwango cha juu kuliko vyote kilichowahi kuripotiwa ni cha watoto wa Saharawi, Afrika Kaskazini, 5.6 kati ya 100, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999.

Kwa huku kwetu, kuharisha kwa muda mrefu kuna washukiwa wanaotangulia. Choo kipimwe giardia, kijidudu cha utumbo, VVU vipimwe, kifua kikuu cha utumbo kikumbukwe. Giardia inaweza hata kufupisha vijidole vya utumbo, kwa hiyo kinyama cha utumbo (kipande kidogo kinachokatwa ukutani ili kichunguzwe) bila kipimo cha damu kinaweza kupotosha kama damu bila kinyama.

Chanya hafifu, chini ya mara 2 au 3 ya kikomo, ndiyo yenye mashaka zaidi. Magonjwa ya ini ya muda mrefu na moyo kushindwa kazi yanaweza kuileta, na baadhi ya maambukizi huipandisha kwa muda tu. Mgonjwa aendelee kula ngano, EMA ifanywe, na kama hana dalili nzito damu irudiwe baada ya miezi 3 hadi 6.

Chanya ya mara 10 ya kikomo au zaidi ni habari nyingine. Kwa watoto, mwongozo wa mwaka 2020 wa ESPGHAN, chama cha Ulaya cha madaktari wa tumbo na lishe ya watoto, unaruhusu kukubali ugonjwa bila kukata kinyama, iwapo EMA ya damu iliyotolewa mara ya pili nayo ni chanya. Hiyo damu ya pili si urasimu. Inalinda dhidi ya vichupa kubadilishana majina. Kwa watu wazima, sehemu nyingi bado huingiza kamera kupitia mdomoni ili kukata vinyama. Vinyama visipungue 4 kutoka sehemu ya pili ya duodeni, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, na 1 au 2 kutoka mwanzo wake, kwa kuwa uharibifu huja kwa mabaka na kinyama kimoja kinaweza kuangukia palipo salama. Na ngano iendelee kuliwa hadi siku hiyo. Wengi huiacha pale jibu la damu linapokuja, wakasubiri kamera miezi miwili, utumbo ukaanza kupona, jibu likawa la mashaka tena.

Baada ya ugonjwa kuthibitishwa na gluteni kuachwa, tTG-IgA hurudiwa mwezi wa 6, wa 12, halafu kila mwaka. Inatakiwa iwe inashuka. Aliyeanza juu sana anaweza kuhitaji mwaka mmoja au miwili kuingia ndani ya kikomo, na anayefuatiliwa kwa IgG huchukua muda mrefu zaidi. Isiposhuka, tafuta gluteni kabla ya kutafuta ugonjwa mwingine: mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano kabla ya mahindi yako, uji wa lishe uliochanganywa ngano, mafuta yaliyokaanga mandazi kisha yakakaanga viazi, kikaango cha chapati kinachotumiwa na nyumba nzima, viungo vya mchuzi vya pakiti. Ikishuka hadi kawaida, ni dalili njema, ila haisemi kwamba ukuta wa utumbo umepona wote, wala haiwezi kukamata ile sambusa moja ya harusi ya wiki iliyopita.